Mgongo Uliopinda: Historia ya Jina na Tiba Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo tutazame historia ya maradhi ambayo baadhi ya familia huyaona nyumbani na kuyanyamazia: uti wa mgongo kupinda kuelekea ubavuni. Madaktari huyaita skoliosisi.

Jina hili ni la Kigiriki, na maana yake ni kupinda. Hippocrates aliandika habari za migongo iliyopinda zaidi ya miaka 350 kabla ya Nabii Isa (a.s.), na Galen, tabibu wa karne ya 2, ndiye anayetajwa kuwa aliyapa maradhi jina hilo. Baadaye elimu hiyo iliingia Baghdad. Hunayn bin Is-haq, tabibu Mkristo aliyefariki mwaka 873, alitafsiri vitabu vingi vya Galen. Kisha Ibn Sina (980–1037) akaandika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu kilichosomeshwa Ulaya kwa karne nyingi.

Waarabu wa leo huyaita maradhi haya janaf. Waliohifadhi Suratul Baqara wamekutana na neno hilo katika aya ya 182, na hapo maana yake ni kuelemea upande mmoja bila uadilifu katika wasia. Tusichanganye mambo. Kupinda kwa wasia ni kosa la mwenye kuusia, lakini kupinda kwa mgongo si kosa la mtoto wala la mama yake. Si laana, wala si la kufichwa.

Hapa Kampala, miaka ya 1960, polio iliwapooza watoto wengi. Misuli ya upande mmoja ikilegea, mgongo nao huvutwa ukapinda. Katika hospitali ya Mulago, Daktari Ronald Huckstep alitengeneza vyuma vya miguu vya bei nafuu ili watoto hao wasimame na kutembea. Chanjo imeipunguza sana polio, na leo wengi wa wenye mgongo huu hupindika wakiwa na umri wa miaka 10 na kuendelea, bila sababu inayojulikana. Mkoba mzito wa shule hausababishi.

Mwaka 1865 William Adams wa London alieleza kipimo kisichohitaji chombo: mtoto ainame mbele, nawe utazame mgongo wake kutoka nyuma. Ni kama anavyoinama katika rukuu. Ubavu mmoja ukiinuka kuliko wa pili, au bega moja likiwa juu anaposimama, mpelekeni hospitali apigwe picha ya eksirei. Daktari hupima pembe kwa njia ya John Cobb ya mwaka 1948, na kuanzia digrii 10 huhesabiwa kuwa skoliosisi. Mpindo mdogo hufuatiliwa tu. Ukiongezeka mtoto angali akikua, huvalishwa mkanda mgumu wa kiwiliwili. Mkubwa sana hufanyiwa upasuaji.

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha tujitibu. Basi tuwatazame watoto wetu mapema, kabla mifupa haijakomaa, na tuwakataze wenzao kuwaita vibiongo.

Wabillahi tawfiq.