Nyoka na tawi, wapi na wapi? Historia fupi ya boksi tupu

Muulize mtu yeyote nyoka wa kufugwa anahitaji nini, utapata jibu la haraka: joto, maji, panya mmoja kila baada ya wiki moja au mbili, basi. Tawi la kupanda la nini? Majani makavu ya nini? Nyoka si nyani bwana, hachezi. Anajikunja pembeni na kulala.

Jibu hili ni la zamani sana, na lina mtego ndani yake. Limetokana na kumwangalia nyoka akiwa ndani ya boksi tupu. Ukimweka mnyama mahali pasipo na cha kufanya, hatafanya kitu. Ukiona hafanyi kitu, unasema: mnaona? Hahitaji kitu. Yaani boksi linajitolea ushahidi lenyewe. Hebu tufuate duara hili lilivyoanza, na jinsi watu wachache walivyolivunja kipande kwa kipande.

Blanketi la London

Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London, pale Regent's Park, ilifungua nyumba ya reptilia inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Nyoka waliwekwa kwenye vizimba vyenye kioo mbele. Yalikuwa maendeleo, lakini kwa nani? Kioo kilikuwa cha mtazamaji. Nyoka aliwekewa blanketi ili apate joto, kama mtoto mwenye homa.

Tatizo ni la kifizikia. Blanketi halitengenezi joto, linazuia tu joto la mwili lisitoke, na mwili wa nyoka hauzalishi joto kama wetu. Na kuna tatizo la pili. Katika miaka ya mwanzo ya nyumba ile, boa mmoja alimeza blanketi lake zima, akalitapika baada ya zaidi ya mwezi mmoja. Kisha Oktoba 1852 mtunzaji Edward Girling, akiwa amekunywa pombe, aliwachezea nyoka wa sumu. Swila akamuuma usoni, akafariki siku hiyohiyo.

Ukiiweka mikasa hii miwili pamoja, unaelewa kwa nini boksi tupu linavutia. Hakuna cha kumezwa, nyoka anaonekana muda wote, na kusafisha ni dakika mbili. Hoja ya usalama si kisingizio, ina uzito wake. Swali ni kama usalama na utupu ni kitu kimoja.

Joan Procter na taa za umeme

Aliyelitikisa duara hili mapema ni mwanamke aliyeumwa sehemu kubwa ya maisha yake. Joan Beauchamp Procter alizaliwa London mwaka 1897. Tangu utotoni alifuga nyoka na mijusi, na akiwa mwanafunzi aliwahi kuingia darasani na mamba mdogo. Afya yake ilimzuia kwenda chuo kikuu, hivyo kazi aliijifunza kwenye jumba la makumbusho la British Museum, chini ya George Boulenger, mtaalamu mkubwa wa reptilia wa zama zile. Mwaka 1923 akawa msimamizi wa reptilia wa bustani ya London.

Nyumba mpya aliyoibuni ilifunguliwa mwaka 1927. Ndani yake umeme ulipasha joto sehemu moja ya kizimba na kuiacha nyingine ikiwa na ubaridi. Kulikuwa na miamba ya kupanda na kujificha, na kioo maalumu kilichopitisha miale ya urujuanimno. Wageni walisimama kwenye kiza huku mwanga ukiwa upande wa wanyama.

Angalia kilichobadilika hapo. Kwenye kizimba cha zamani binadamu ndiye aliyeamua joto la nyoka. Kwenye kizimba cha Procter, nyoka aliweza kuamua: niende pale kwenye taa, au nirudi chini ya jiwe. Procter alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 34 tu.

"Damu baridi" si baridi

Sababu ya kisayansi ya jambo hili ilikuja kueleweka vizuri zaidi mwaka 1944, pale Raymond Cowles na Charles Bogert walipochapisha utafiti wao kuhusu reptilia wa jangwani kusini mwa California. Walionyesha kwamba mijusi na nyoka hawabebwi tu na hali ya hewa kama mawe. Wanahama kati ya jua na kivuli ili mwili ubaki kwenye joto wanalolitaka. Kumbe lile jina la "damu baridi" tulilofundishwa shuleni linapotosha. Reptilia ana themostati, isipokuwa themostati yake ni tabia yake.

Matokeo yake kwa mfugaji ni makubwa. Ukimpa nyoka boksi lenye joto moja kila kona, hata kama ni joto "sahihi" la kitabuni, umemnyang'anya kazi ambayo mwili wake umeumbwa kuifanya kila siku.

Miaka miwili kabla, mwaka 1942, Mswisi Heini Hediger alikuwa ametoa kitabu kuhusu maisha ya wanyama pori kifungoni. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ukubwa wa eneo si kila kitu. Mnyama porini hazururi ovyo, ana mahali pa kulala, pa kuota jua, pa kujificha, na njia za kupita. Kizimba kizuri ni kile chenye sehemu hizo.

Nyani walipata, nyoka wakasahauliwa

Kuanzia miaka ya 1970 wazo la kuboresha makazi ya wanyama wa kifungoni lilishika kasi. Huko Portland, Marekani, Hal Markowitz aliwawekea giboni mitambo ambayo iliwabidi waiendeshe wenyewe ili wapate chakula. Mwaka 1985 sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama ilirekebishwa, ikataka nyani wa maabara waangaliwe hata kisaikolojia. Nyoka je? Sheria hiyo inahusu wanyama wenye damu moto tu. Nyoka hayumo kabisa.

Wakati huohuo biashara ya kufuga nyoka ilikuwa inapanda. Nyota wake alitoka kwetu Afrika: Python regius, chatu mdogo mpole anayepatikana kuanzia Senegal hadi Uganda. Mwaka 1992 Mmarekani Bob Clark alifanikiwa kuzalisha zeruzeru wa chatu huyu kifungoni, na mbio za kutafuta rangi mpya zikaanza. Ukiwa na chatu mamia huwezi kumpa kila mmoja kizimba cha Procter. Jibu likawa droo: masanduku ya plastiki kwenye shelfu, moja juu ya lingine, kila moja na karatasi chini na bakuli la maji. Boksi tupu likarudi.

Utetezi wake ni huu: chatu huyu porini anakaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu, anapenda kubanwa, kwa hiyo droo ni shimo lake. Hoja ina ukweli nusu. Ni kweli anahitaji maficho yanayombana, na ukimweka kwenye kizimba kikubwa kilicho wazi anaweza hata kugoma kula. Lakini shimo lina mlango. Usiku anatoka. Utafiti wa kusini-mashariki mwa Nigeria uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba baadhi yao, hasa madume, hupanda miti.

Nyoka "mjinga" anapopewa mtihani wake

Kwa muda mrefu wanasaikolojia walisema nyoka hajifunzi. Walimpima vipi? Mara nyingi kwa mitihani ya panya: pita hapa, upate chakula. Lakini panya ana njaa kila siku, na nyoka aliyekula Jumatatu anaweza asijali chakula hadi wiki ijayo.

Mwaka 1999 David Holtzman na wenzake wa Rochester, Marekani, walibadilisha swali. Waliweka nyoka wa mahindi, spishi inayofugwa sana Marekani, kwenye uwanja wa wazi wenye mwanga na mashimo kadhaa, ila shimo moja tu ndilo lililompeleka mafichoni. Hapo zawadi ni kitu ambacho nyoka anakitaka kweli, yaani kujificha. Baada ya mazoezi walilifikia shimo sahihi haraka zaidi. Walijifunza.

Mwaka 2006 Lynn Almli na Gordon Burghardt walilinganisha nyoka-panya waliokulia kwenye makazi yenye vitu mbalimbali na wenzao waliokulia kwenye vizimba vya kawaida. Wa kundi la kwanza, kadiri majaribio yalivyoendelea, walikuwa wepesi zaidi kutatua tatizo la kufikia mlo, na walizoea haraka mazingira mageni. Burghardt ndiye pia aliyewahi kuhoji kama kweli tunaweza kuita "utajiri" kitu ambacho mara nyingi ni ufukara uliopunguzwa kidogo. Na mwaka 2021 watafiti wa Lincoln, Uingereza, waliwapa nyoka wa mahindi nafasi ya kuchagua kati ya upande wenye vitu na upande mtupu. Walipendelea wenye vitu.

Kwa hiyo duara limekatika. Nyoka wa kwenye boksi tupu alionekana hana haja na tawi kwa sababu tawi halikuwepo.

Usalama bila utupu

Sasa turudi kwenye blanketi. Kuboresha makazi si kujaza takataka. Jiwe zito likae juu ya sakafu yenyewe, si juu ya mchanga, maana nyoka akichimba chini yake litamwangukia. Taa ya joto iwe na wavu na themostati, kwa kuwa nyoka anaweza kuegemea kitu cha moto hadi kikamuunguza. Mbao za mwerezi ziepukwe, mafuta yake yana madhara. Tawi lifungwe imara libebe uzito wake. Usimtupie panya hai ukidhani unamchangamsha, panya anang'ata vibaya.

Yenye ubunifu hayana gharama: maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa ubaridi, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na kujificha. Majani makavu na maganda ya miti yasiyo na dawa. Harufu mpya mara mojamoja, kwa sababu nyoka anaisoma dunia kwa ulimi. Na nafasi ya kujinyoosha. Clifford Warwick na wenzake waliwatazama nyoka 65 kwa saa moja moja, na asilimia 37 walijinyoosha mstari ulionyooka au karibu na hapo ndani ya muda huo. Ile kauli kwamba nyoka hukaa amejikunja tu haina msingi.

Kabla hujakimbilia kununua kizimba: Kenya na Tanzania huwezi kumchukua nyoka wa porini ukamfuga bila kibali cha mamlaka za wanyamapori, na nyoka wa sumu si mnyama wa sebuleni. Kwa wengi wetu somo hili litatumika tukiwa upande wa pili wa kioo. Ukienda Nairobi Snake Park au bustani yoyote, usiishie kuuliza huyu ana sumu au hana. Tafuta sehemu ya joto iko wapi, ya ubaridi iko wapi, anaweza kujificha tusimwone, anaweza kupanda, anaweza kunyooka. Ukikosa majibu, muulize mtunzaji. Akikujibu kwamba nyoka huyu hafanyi kitu siku nzima, sasa unajua swali la kufuata: amepewa nini cha kufanya?