Tanipu za 1847

Kuna mazao ya kupanda mapema, na kuna mazao yanayomvumilia aliyechelewa. Tanipu ni ya kundi la pili. Ni mzizi mweupe, wenye zambarau mabegani, jamaa wa karibu wa sukumawiki yetu. Kule kaskazini mwa Ulaya waweza kusia mbegu zake mwishoni mwa kiangazi, Julai hadi mapema Agosti, na baada ya miezi miwili hivi ukang'oa chakula kabla baridi haijakaza. Kiangazi cha kwao, tuelewane, si ukame wa Turkana. Ni miezi ya joto, manyunyu ya hapa na pale, na jua linalochelewa kuzama.

Uvumilivu huo ndio ulionifanya niifuate tanipu hadi Ireland, mwaka wa 1847.

Ugonjwa wa viazi uliingia nchini humo 1845, na mwaka uliofuata ukafagia karibu mavuno yote. Wanaosimulia njaa ile huhesabu viazi vilivyooza. Mimi naona tuhesabu pia viazi vilivyoliwa. Kiazi hupandwa kwa kiazi, na ekari moja hudai karibu tani nzima ya mbegu. Mwenye njaa akila mbegu yake, utamlaumu? Basi 1847, mwaka ambao ugonjwa wenyewe ulipungua sana, viazi vilipandwa kwenye ekari zisizofika 300,000, ilhali kabla ya njaa zilikaribia milioni 2.

Hapo tanipu ikapata kazi. Punje zake ni ndogo kama za sukuma, kilo moja au mbili zatosha ekari nzima. Marafiki, yaani Waquaker, dhehebu lile lile lililofika Kaimosi mwaka wa 1902, walikuwa wameunda kamati ya msaada Dublin. Mmoja wao kutoka London, William Bennett, alizunguka magharibi mwa Ireland kuanzia Machi 1847 akigawa mbegu za tanipu, karoti na mizizi mingine. Mfuko wa unga humalizwa jikoni. Mfuko wa mbegu za tanipu hauna njia nyingine ila kwenda shambani.

Tusiitukuze tanipu kupita kiasi. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji, na uzito kwa uzito inatoa karibu theluthi tu ya nguvu ya kiazi. Lakini ina vitamini C, ambayo unga wa mahindi uliokuwa ukigawiwa haukuwa nayo, na watu walikuwa wakitokwa damu kwenye fizi kwa kuikosa. Simulizi za vijijini zilizokusanywa karne iliyofuata zimejaa visa vya watu walioiba tanipu usiku, na vya wenye mashamba waliowawekea walinzi. Fikiria hilo: chakula ambacho wengi walikiona cha kulisha mifugo, kikalindwa kwa bunduki.

Sasa njoo kwenye sheria. Juni 1847, wakati mbegu hizo bado zingeweza kusiwa, Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na mbunge William Gregory. Kilisema hivi: anayeshikilia zaidi ya robo ekari ya ardhi asipewe msaada wa umma. Ukitaka uji, achia shamba. Wengi waliachia. Wengine walishikilia na kufa humo humo. Wenye ardhi wengi walibomoa nyumba mara tu familia ilipotoka, na malisho yakachukua mahali pa vibanda.

Sisi wa fasihi tunalijua jina Gregory kwa njia nyingine. Mjane wa mbunge huyo, Lady Gregory, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Abbey Theatre mwaka wa 1904. Nikilisikia likitajwa darasani, mimi hukumbuka kwanza robo ekari.

Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Kwetu pia, mvua zikikosa, mbegu za msaada huja kwa lori, na picha hupigwa. Ni jambo jema, na mimi sina ugomvi na lori. Nauliza tu kile ambacho 1847 inanilazimisha kuuliza: huyu mama aliyepanga foleni kupokea mbegu, kipande atakachozipandia ni cha nani, na je, msimu ujao atakuwa bado yuko hapo kuvuna?