Nani kachagua Nairobi? Historia fupi ya maswali ya kupiga Windows

Najua nimekuwa kimya karibu miezi miwili, msininunie. Mwenzenu nilikuwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, na nikapangiwa nyumbani kabisa, Nansio. Nimerudi chuo juzi na nikilala bado nahisi meli inanitikisa. Stori za darasani zipo nyingi na zitakuja. Leo nina hii moja iliyonikaa kichwani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia mtanivumilia, maana itabidi turudi nyuma kidogo.

Iko hivi. Ukiwa mwalimu wa TP wewe ndiye kijana wa shule, na kijana kwa wazee maana yake fundi kompyuta. Sasa wiki ya tatu mwalimu wa taaluma, mzee wa heshima zake, akaniita ofisini.

"Mwanangu, hii mashine inakwama kwama. Wewe si wa chuo kikuu? Ipige window mpya."

Nikasema sawa Mwalimu, nitaiangalia. Akashusha sauti: "Lakini tafadhali, yasinikute ya mwaka juzi."

Ya mwaka juzi ni kwamba kijana mmoja aliipiga Windows mashine hiyo hiyo. Ikamuuliza maswali, akawa anajibu neksti, neksti, neksti. Katikati ikamuuliza kuhusu diski. Hapo nako akafuta, akakubali, neksti. Kumbe alama za maendeleo za kidato cha tatu na cha nne, za miaka miwili, zilikuwa kwenye ile sehemu ya pili ya diski, ile D. Zikaenda zote. Mzee alikaa wiki mbili anakusanya madaftari ya walimu na karatasi za mitihani kutoka kwa wanafunzi ili ajaze upya. Wapo ambao karatasi zao hazikuonekana. Na mnajua wenyewe zile alama ni sehemu ya matokeo ya mwisho ya mtoto.

Kila mtu pale shuleni anasema yule kijana alikuwa mzembe. Mimi nikaanza kujiuliza. Aliulizwa swali moja la hatari katikati ya maswali mengi ya kawaida, na yote yakawa na sura moja na kitufe kile kile. Nani aliyapanga hivyo? Na kwa nini mengine tunaulizwa na mengine hatuulizwi kabisa?

Basi turudi nyuma.

Wakati wenzetu wanaanza kugombana kuhusu kompyuta za mezani, sisi hatukuwepo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya masharti kulegezwa. MS-DOS ilitoka 1981. Kwa hiyo desturi ya nini mtu aulizwe anapoweka mfumo endeshi ilijengwa huko mbali, na watu waliokuwa wanawafikiria wateja wa huko huko. Hilo si tusi, ni jambo la kawaida tu. Mpishi hupika kwa chumvi ya nyumbani kwake.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilikuwa na njia nne za kuiweka: ya kawaida, ya kompyuta ya kubeba, ya kubana nafasi, na ya kujichagulia. Ukiangalia vizuri hapo utaona wazo zuri. Badala ya kukuuliza mambo hamsini, inakuuliza wewe ni nani, halafu mengine inakujibia. Ile ya kujichagulia imebaki kwa wajuzi.

Windows XP ikaja mwaka 2001, na hii ndiyo wengi wetu tumekua nayo. Mnakumbuka ile skrini ya bluu ya mwanzo, isiyotumia hata mausi? Watu huicheka, lakini ile skrini ilikuwa na akili. Ukitaka kufuta sehemu ya diski, haikukubali kwa Enter peke yake. Ilikutaka ubonyeze herufi L kuthibitisha. Ukitaka kufomati sehemu yenye vitu, ilikutaka ubonyeze F. Yaani kidole kilichozoea Enter kinalazimika kusimama na kutafuta herufi nyingine. Matoleo ya baadaye yakaleta mausi na onyo lenye kitufe cha kukubali. Yule kijana wetu alipita hapo kwa mwendo wa neksti.

XP hiyo hiyo ilikuwa na kasoro yake. Toleo la Kiingereza cha Marekani likifika kwenye saa, jibu lililokuwa limeshawekwa ni saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Ukipita bila kuangalia, Nansio ni asubuhi na kompyuta yako bado iko jana usiku. Na ukitafuta Tanzania kwenye ile orodha, unachokikuta ni Nairobi. Saa ni ile ile, ndiyo, saa tatu mbele ya Greenwich. Ila inabidi mtu akwambie, la sivyo unaitafuta Dar es Salaam mpaka unachoka.

Upande wa pili kulikuwa na watu wa Linux. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na ilisifika kwa mambo mawili, uimara na maswali mengi. Juni 2005 wakatoa toleo 3.1 likiwa na kiwekaji kipya, na humo kuna kitu ambacho kama mwalimu nimekipenda sana. Kila swali wamelipa cheo. Vyeo viko vinne. Cha chini ni swali dogo ambalo jibu la kawaida linamfaa karibu kila mtu. Cha kati ni la kawaida lenye jibu linaloeleweka. Cha juu ni lile ambalo haiwezekani kukubahatishia jibu. Cha nne ni lile ambalo usipojibu mwenyewe, mfumo utaharibika. Mgeni anaonyeshwa ya vyeo viwili vya juu tu. Mjuzi akitaka kuyaona yote anaingia njia ya wajuzi. Maswali hayajafutwa, yamewekwa nyuma ya pazia na mlango umeachwa wazi.

Kabla ya hapo, Oktoba 20, 2004, ikatoka Ubuntu, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Hawa waliichukua Debian na kuchagua kwa niaba yako: CD moja, programu moja kwa kila kazi, basi. Juni 2006, toleo 6.06, wakaleta kiwekaji cha madirisha unachokitumia huku mfumo tayari unaonekana mbele yako. Kinakuuliza lugha, mahali ulipo, kibodi, jina lako, na diski, halafu kinakusomea muhtasari kabla hakijagusa kitu. CD walikuwa wanazituma bure kwa posta dunia nzima mpaka mwaka 2011. Kwetu hiyo haikuwa anasa. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009. Kabla ya hapo kushusha MB 700 ilikuwa kama kuhamisha ziwa kwa kikombe.

Na Kiswahili je? Hapa ndipo moyo wangu wa Kiswahili ulipouma kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux walioufanya na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na mahesabu kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft wakatangaza nao watatoa Kiswahili, na miaka iliyofuata wakafanya hivyo kwa Windows na Office. Jambo jema, nawapongeza wote. Ila angalieni kitu kimoja. Ile ya Windows XP ilikuwa kama kanga: unaiweka juu ya Windows ya Kiingereza ambayo tayari imeshakaa. Na programu ya kuandikia haiwezi kufunguka kabla mfumo haujawekwa. Maana yake mpaka Kiswahili kinafika, maswali yote yameshaisha, likiwemo lile la diski. Mgeni alipewa lugha yake baada ya kuvuka sehemu yenye mamba.

Ukerewe tunaijua hadithi ya namna hii. Mzee wetu Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe. Ilichapishwa 1980, miaka 35 baadaye, na ni kwa Kiswahili, tafsiri aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Lugha ipi iwe kwenye orodha ni uamuzi ambao mtu mwingine huufanya mapema, na wewe unakuja kulipa gharama zake.

Haya, turudi ofisini kwa Mwalimu.

Mashine yenyewe ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025. Windows 11 haiikubali, ni ya zamani mno. Na hata ingeikubali, Windows 11 ya nyumbani inataka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiweka. Hilo ni swali ambalo mtu wa mjini halioni kama swali. Mimi pale nilikuwa na bando la siku, na mtandao unaokuja na kuondoka kama upepo wa ziwani. Tukakubaliana niweke Ubuntu 24.04 kutoka kwenye flashi.

Sasa sikilizeni hii. Kiwekaji kinakupa chaguo mbili: seti ya kawaida au seti pana. Ile ya kawaida ndiyo iliyowekwa alama tayari. Ukipita nayo unapata kivinjari na vitu vya msingi tu. Programu ya kuandikia na ya mahesabu haimo! Watu waliopanga hivyo, kuanzia toleo la 23.10, wana hoja yao: mtu achukue kidogo, akitaka zaidi atashusha. Ni sawa kabisa kwa mwenye intaneti ya kasi. Nansio mwalimu wa taaluma angewasha mashine mpya asubuhi na kukuta hana pa kujazia alama. Nikachagua seti pana, ipo kwenye flashi ile ile, haihitaji bando.

Kabla ya hayo yote nilihamisha mafaili ya Mwalimu kwenye flashi mbili, akayafungua mwenyewe kwenye simu ya mwalimu mwenzake kuhakikisha. Ndipo nikaanza.

Kazi ilipoisha akaniomba nimwandikie karatasi ya kubandika ukutani, ili nikiondoka atakayefuata asipotee. Hapo ndipo nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha wale wale niliokuwa nawalaumu. Nikaandika kila hatua, kurasa mbili, mistari thelathini na kitu. Mzee akavaa miwani, akasoma, akaiweka mezani.

"Mwanangu, hapa umeniandikia mtihani."

Nikacheka, lakini alikuwa sahihi. Nikaenda nyumbani, nikakaa nayo usiku, nikawaazima Debian vyeo vyao. Kwa kila hatua nikajiuliza mambo mawili tu. Mtu akikosea hapa, anaweza kurekebisha kesho? Na je, yule aliyetengeneza mfumo angeweza kulijua jibu letu bila kufika Nansio? Ikiwa kosa linarekebishika na jibu la kiwandani linatufaa, hatua ikatoka kwenye karatasi. Rangi ya skrini ikatoka. Jina la kompyuta likatoka. Kibodi ikatoka.

Yakabaki manne, kwa herufi kubwa. Kwanza, nakala za alama ziko kwenye flashi mbili na zimefunguliwa? Kama hapana, ZIMA MASHINE. Pili, chagua seti pana. Tatu, saa: Dar es Salaam, na ukikuta orodha haina, chagua Nairobi. Nne, ukifika kwenye diski, usibonyeze kitu, mwite mwalimu wa taaluma msome wote wawili kwa sauti.

Chini kabisa nikaandika kwamba hatua zilizobaki zipo kwenye bahasha iliyo kwenye droo, kwa anayetaka kuzijua. Zile kurasa mbili sikuzichana.

Mzee akasoma tena, akatikisa kichwa kukubali. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Na hii Nairobi, nani kachagua?"

Nikamwambia, Mwalimu, walishachagua kabla yetu. Akaguna. Akachukua peni, akaongeza kwa mkono wake: *saa ni moja, msiogope.* Karatasi ikabandikwa hivyo hivyo.

Kwa wale mnaokwenda TP mwakani: mtaitwa mafundi, mpende msipende. Kabla hujamwambia mtu "bonyeza neksti tu", jua kwamba umeshamjibia. Anza na flashi mbili.

Nawasilisha. Ngoja nikawahi foleni ya ugali.