Kokoto, changarawe na tumbawe

Kokoto na changarawe huchanganywa mara nyingi. Changarawe ni vijiwe vilivyoviringishwa na maji. Kokoto ni vipande vya jiwe lililopasuliwa kwa nyundo au mashine. Upatanisho wa yote mawili ni wa i-/zi-: kokoto hizi, changarawe hizi.

Jijini Dar es Salaam neno «kokoto» peke yake halitoshi. Kokoto za Kunduchi, upande wa Kinondoni, hutokana na tumbawe, yaani jiwe la chokaa lililojengwa na viumbe wa baharini. Jiwe la namna hiyo ndilo huchimbwa Wazo kwa ajili ya saruji. Kokoto za Lugoba, zinazoletwa kutoka Chalinze, ni za mwamba mgumu zaidi. Mfasiri wa mkataba wa ujenzi anayeandika «kokoto» tu huacha wazi swali la nguzo itabeba nini.

Jiwe la chokaa si chokaa. Chokaa hupatikana jiwe likishachomwa. Marumaru nayo ina mtego wake. Kwa mwanajiolojia ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo. Kwa fundi wa Mbagala ni vigae vya sakafu, hata vilivyotengenezwa kwa udongo.

Udongo shuleni hugawanywa kuwa kichanga, tifutifu na mfinyanzi, kwa kufuata ukubwa wa chembe. Kwa hiyo «udongo mwekundu» si aina ya nne. Kifusi hakimo katika mgawanyo huo. Kamusini ni mabaki ya jengo lililobomoka. Kwa dereva wa lori Temeke ni udongo wa kujazia msingi.