Kipimo cha Mali na Kisichopimika

Msomaji mpenzi, ukiwa na shilingi chache mfukoni, na kitabu, viatu na nauli vyote vinazitaka, utaanza na kipi? Swali hilo dogo ndilo linalowasumbua wenye makampuni makubwa. Fedha haitoshi miradi yote, na kila mwenye mradi hudai kuwa wake ndio bora. Pasipo na kipimo, hushinda yule aliye hodari wa kusema kuliko wenziwe.

Katika jimbo la Delaware, Marekani, palianzishwa kampuni ya Du Pont mwaka wa 1802 kwa kazi ya kutengeneza baruti. Mwaka wa 1902 binamu watatu wa ukoo huo waliinunua, wakakusanya viwanda vingi chini yake. Idara zikawa nyingi, na kila moja ikaomba fedha za kujipanua. Ipi itangulie?

Aliyetoa jawabu ni Donaldson Brown, aliyeingia katika kampuni hiyo mwaka wa 1909. Miaka michache baadaye alibuni hesabu rahisi. Alitaka watu wasitazame faida ya mauzo peke yake, bali watazame pia mtaji huzunguka mara ngapi kwa mwaka.

Tuseme miradi miwili inaomba shilingi 100,000 kila mmoja. Wa kwanza utauza bidhaa za shilingi 50,000 kwa mwaka na kuleta faida ya shilingi 10,000, yaani 20 kwa mia ya mauzo. Wa pili utauza bidhaa za shilingi 300,000 na kuleta faida ya shilingi 15,000, yaani 5 kwa mia tu. Mtu wa haraka atauchagua wa kwanza. Lakini ule wa kwanza mtaji wake huzunguka nusu mzunguko tu, na wa pili mizunguko mitatu. Zidisha sasa: 20 kwa nusu ni 10, 5 kwa tatu ni 15. Kumbe wa pili ndio utakaouzalia mtaji faida kubwa zaidi!

Mwaka wa 1921 Brown alihamia kampuni ya magari ya General Motors, akaenda na kipimo chake. Hata leo wafanya biashara wa nchi nyingi hukitumia.

Lakini usidhani kuwa kipimo hicho huona kila kitu. Mwaka wa 1927 kampuni ile ile ya Du Pont, kwa shauri la mkemia Charles Stine, ilitenga fedha kwa utafiti wa sayansi tupu, usio na bidhaa ya kuuza. Mauzo hayakuwapo, basi hesabu ya Brown ingeshika nini? Mwaka uliofuata aliajiriwa Wallace Carothers, na mwaka wa 1935 nailoni ikapatikana katika maabara yake. Soksi za nailoni zilipouzwa Marekani nzima mwaka wa 1940, wanawake walizigombea madukani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi shika daftari, pima, kisha chagua. Lakini tenga fungu dogo kwa mbegu ambayo daftari haijapata safu ya kuiandika.