Aloi Kolezi, au Jinsi Pua Inavyoungwa

Rasimu iliyofika mezani kwangu ilikuwa na sentensi hii: "Aloi ya chuma hutiwa katika chuma ili kupata chuma chenye ubora." Mfasiri hakukosea hata neno moja, na bado sentensi nzima haisemi kitu. Nilimpigia simu. "Ndugu yangu, hapa una vyuma vitatu, na msomaji anaona kimoja." Akacheka, kisha akasema, "Basi nipe maneno, mhariri." Sikuwa nayo. Makala haya ni deni la simu ile.

Nianze na kile chuma cha pili na cha tatu. Kiswahili cha kila siku hutumia neno moja kwa msumari, nondo, geti na jembe, na sokoni halimsumbui mtu. Lakini wahunzi na wafanyabiashara wa zamani walikuwa na maneno zaidi. Pua ni chuma kilichopata kaboni kidogo, kikawa kigumu na chenye kushika makali. Feleji ni jina jingine la chuma cha namna hiyo, lililofika pwani kwa njia ya Waajemi na Waarabu, na ndilo washairi hulipenda wanapotaja upanga. Bahati mbaya, siku hizi matangazo ya masufuria yamelinyakua "chuma cha pua" na kulipa maana ya chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi. Mimi nalirudisha mahali pake: katika makala haya pua ni pua, iwe na kutu isiwe na kutu. Anayeogopa kuichanganya na pua ya usoni, muktadha utamwokoa.

Tumebaki na chuma cha kwanza, ile "aloi ya chuma". Hiki ni kitu gani hasa, na kwa nini mtu atie chuma kilichochanganywa ndani ya pua badala ya kutia moja kwa moja ile metali anayoitaka?

Jibu lina historia, na historia yenyewe ina mtu aliyedhulumiwa. Agosti 1856, huko Cheltenham, Uingereza, Henry Bessemer aliwasomea wanasayansi maelezo ya mtambo wake mpya. Alipuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, kaboni ikaungua, na joto la kuungua huko likatosha kukiweka chuma katika hali ya majimaji bila kuongeza kuni wala makaa. Wenye viwanda walikimbilia kununua leseni. Walipojaribu wenyewe, pua yao ilipasuka ikipigwa nyundo ingali moto. Hewa ile ilikuwa imeacha oksijeni ndani yake, na madini yao yalikuwa na salfa, ile ambayo wazee waliiita kiberiti kabla jina halijahamia kwenye njiti. Salfa ikishikana na chuma hutoa kitu kinachoyeyuka mapema. Pua inapofuliwa ingali nyekundu, kitu hicho kimekwisha kuwa maji kati ya chembe na chembe, na pande lote linaachana kama mkate mkavu.

Robert Mushet, aliyekuwa akiishi Coleford katika msitu wa Dean, alijua dawa. Wajerumani wa Siegerland walikuwa wakiyeyusha madini yenye manganisi na kupata chuma cheupe ambacho ukikivunja, sehemu iliyovunjika inametameta. Kwa hiyo walikiita chuma kioo. Mushet alitia kiasi kidogo cha chuma kioo katika pua ya Bessemer baada ya kupulizwa. Manganisi ilikwapua oksijeni na kupanda nayo juu kwenye mavi ya chuma, yaani ile taka inayoelea, ikaishika salfa katika umbo lisiloyeyuka mapema, na kaboni iliyokuwa ndani ya chuma kioo ikarudisha ile iliyoungua kupita kiasi. Mapema mwaka 1857 reli moja ya pua iliyotengenezwa kwa njia yake ililazwa katika stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za chuma cha kawaida zilikuwa zikibadilishwa kila baada ya miezi michache. Iliondolewa 1873.

Hataza ya Mushet ilikufa mwaka 1859 kwa sababu ada ya stempu haikulipwa. Bessemer akatajirika. Mwaka 1866 binti wa Mushet aitwaye Mary, mwenye miaka 16, alisafiri peke yake hadi London akamkabili Bessemer uso kwa uso kuhusu haki ya baba yake. Tangu hapo Bessemer alimlipa Mushet pauni 300 kila mwaka. Napenda kukumbuka kwamba sura ya kwanza ya hadithi hii ilifungwa na msichana aliyepanda treni.

Chuma kioo, basi, ndicho babu wa vitu vyote vinavyoitwa feroaloi: ferosilikoni, feromanganisi, ferokromi, ferovanadi, feroniobi na ndugu zao. Kila kimoja ni chuma kilichosheheni metali nyingine, au silikoni, kwa wingi kupita kiasi. Ferosilikoni ya kawaida ina takriban robo tatu silikoni. Hakuna anayejenga nyumba kwa ferosilikoni wala kufua panga kwa ferokromi. Vitu hivi huvunjika kama vigae. Vipo ili viyeyuke na kupotea ndani ya kitu kingine.

Sasa lile swali la kwa nini. Sababu moja ni ya mfukoni. Madini mengi ya metali hizi huwa na chuma ndani yake tangu ardhini, kwa hiyo kukitoa chuma chote ili upate metali safi, kisha ukaimimine ndani ya chuma, ni kazi ya kujichosha. Sababu nyingine ni ya joto, na hapo ndipo penye ufundi wa kubuni aloi. Fundi redio anaifahamu tayari bila kuambiwa. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, risasi kwenye nyuzi 327, lakini lehemu yake, iliyotengenezwa kwa hizo mbili, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Mchanganyiko umekuwa laini kwa moto kuliko wazazi wake wote wawili. Titani nayo huyeyuka kwenye nyuzi 1668 na chuma kwenye 1538. Ukichanganya takriban sehemu 70 za titani na 30 za chuma, unapata ferotitani inayoanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1085. Pua katika tanuri iko kwenye nyuzi 1600 hivi. Titani safi ingeelea ikibaki kipande kwa muda, wakati ferotitani inaingia kama sukari kwenye chai ya moto. Niobi ni mkaidi zaidi, kwani inahitaji nyuzi 2477, lakini ikiwa na theluthi moja hivi ya chuma inashuka hadi joto ambalo pua iliyoyeyuka inalimudu.

Uzito nao una neno lake. Alumini ni nyepesi mno kuliko pua, hivyo ukiitupa juu inaelea kwenye mavi ya chuma na kuungua pale pale. Viwanda huiingiza kama waya mrefu unaosukumwa kwa kasi hadi chini ya chombo. Na kuna kaboni: ferokromi iliyotengenezwa kwa makaa huja na kaboni asilimia 6 hadi 8, ambayo mtengenezaji wa stenlesi ya kawaida hulazimika kuiondoa. Hans Goldschmidt, mkemia wa Essen, aliomba hataza mwaka 1895 kwa njia ya kuepa makaa: changanya unga wa oksaidi ya metali na unga wa alumini, washa, na alumini itaipokonya metali ile oksijeni yake kwa joto linalopita nyuzi 2000. Feroniobi hadi leo hutengenezwa kwa njia hiyo.

Narudi kwenye jina. Feroaloi ni neno zuri kwa mkemia, na majina ya kila moja, ferokromi na wenzake, sioni sababu ya kuyagusa. Lakini jina feroaloi halimwambii msomaji kazi ya kitu hicho. Tena si kila aloi inayotiwa katika pua ina chuma ndani yake. Ile ya kalisi na silikoni, kwa mfano, kimsingi haina. Wengine hupendekeza "aloi mama", kwa kufuata jinsi mafundi wa alumini wanavyoziita zao. Lina joto la nyumbani, ila mama huzaa na kubaki, na aloi hii haibaki.

Pendekezo langu ni aloi kolezi. Kukoleza tunakujua: chumvi hukoleza mchuzi, kuni hukoleza moto, rangi hukolea katika kitambaa. Daima ni kidogo kinachobadilisha kingi, na ndivyo ilivyo hapa. Gramu 300 za niobi katika tani nzima ya pua zinatosha kuipa nguvu inayoonekana kwenye vipimo. Faida kubwa zaidi ni ya kisarufi. Mtengenezaji wa pua ana hesabu mbili: alichotia, na kilichoingia kweli, maana sehemu huungua au kuishia kwenye mavi ya chuma. Kiswahili kimeshamwandalia vitenzi viwili kutoka mzizi mmoja. Alichotia, amekoleza. Kilichobaki ndani, kimekolea. Akitia kilo 10 za manganisi na kupata 9 ndani ya pua, kiwango cha kukolea ni asilimia 90. Sijui lugha nyingi zinazoweza kufanya hivyo bila kuunda neno jipya.

Mwenzangu mmoja wa meza ya istilahi alinipinga, na alikuwa na hoja. Silikoni na manganisi mara nyingi hazitiwi kwanza kwa ajili ya ladha. Zinatiwa kuondoa oksijeni. Pua yenye oksijeni inapoganda hutokota, kwa sababu oksijeni na kaboni hushikana na kutoa mapovu ya gesi, kama uji usiotaka kushuka. Ukitia ferosilikoni, utokotaji unakoma. Waingereza husema pua hiyo "imeuawa". Wafaransa na Wajerumani husema "imetulizwa". Nimeona tafsiri yenye "chuma kilichouawa" na nikamhurumia msomaji. Tunayo maneno kutulia na kutuliza, tunayoyatumia kwa bahari na kwa mtoto. Pua tulivu inatosha. Lakini ni kweli kwamba kolezi halibebi kazi hiyo ya kutuliza. Nakubali upungufu huo. Tangawizi nayo tunaitia katika chai kwa ladha, na mwenye kikohozi huitia kwa sababu nyingine, bado ikaitwa kiungo.

Maneno haya si ya kigeni kwa ardhi yetu kama yanavyosikika. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimezaliwa na titani na vanadi ndani yake. Panda Hill, karibu na Mbeya, kuna niobi, na mlima Mrima huko Kwale una niobi chini ya msitu wa kaya ya Wadigo. Kisenge, kusini mwa Kongo, kuna manganisi. Na nondo unayonunua dukani, hata ikiwa imetokana na vyuma chakavu vya mtaani kwako, kwa kawaida imetiwa silikomanganisi kabla ya kusubiwa.

Nilimpelekea mfasiri sentensi mpya: "Aloi kolezi hutiwa katika pua iliyoyeyuka ili kuituliza na kuiongezea nguvu." Akaipokea. Siku mbili baadaye akanipigia tena. Safari hii alikuwa na lebo ya kutafsiri, ya magunia ya ferosilikoni yanayopakuliwa bandarini. Mzigo huo ukilowa hutoa haidrojeni inayoweza kuwaka, na mara nyingi pia fosfini, gesi yenye sumu. Akauliza kama aandike aloi kolezi. Nikamwambia hapana, hapo andika jina lenyewe, ferosilikoni, na chini yake kwa herufi kubwa: ISILOWE. USILALE KARIBU NAYO.