Kutoka Kibaba cha Mpagazi hadi Keto: Karne Moja na Nusu ya Kupunguza Mwili

Mpagazi aliyekatiza Usagara katikati ya karne ya 19, akielekea Unyanyembe au Ujiji, posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba hakifiki robo tatu ya kilo. Kama ni mtama au mahindi yasiyokobolewa, hapo pana kalori kama 2,400, na kwa nguvu hiyo alibeba mzigo wa frasila mbili, zaidi ya kilo 30, akavuka mbuga ya Mkata na kuipanda milima iliyofuata. Sehemu ya nchi hiyo leo ni wilaya ya Kilosa, na kata ya Zombo imo humo, upande wa kusini unaoelekea Mikumi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857. Msafara uliokosa nafaka ya kununua ulipoteza watu njiani, na aliyekuwa na mwili alihesabiwa kuwa na akiba.

Miaka sita baada ya safari hiyo, London, mzee wa miaka 66 aitwaye William Banting alichapisha kijitabu. Kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi ya wakubwa. Alikuwa mfupi mwenye kilo 92, hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Daktari wake, William Harvey, alimwachisha mkate, sukari, bia, maziwa, siagi na viazi, akampa nyama, samaki na mboga. Ndani ya mwaka mmoja akapungua kilo 21 hivi. Nakala za kwanza alizigawa bure, na kijitabu kikasambaa kuliko alivyotazamia. Karibu kila mlo wa kupunguza wanga unaouzwa leo ni mjukuu wa kijitabu hicho cha 1863. Afrika Kusini bado wanauita kwa jina la Banting, hasa baada ya Profesa Tim Noakes kuufufua mwaka 2013.

Waliofuata walikuja mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1918 Lulu Hunt Peters, daktari wa California, aliwafundisha Wamarekani kuhesabu kalori. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic aliupa jina mlo wa keto, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, na aliutunga kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa; habari ya viuno vyembamba haikuwamo. Miaka ya 1930 ikawa zamu ya mlo wa balungi wa Hollywood. Mwaka 1972 Robert Atkins akarudisha nyama na mafuta mezani. Mwaka 1976 ikaja protini ya majimaji, iliyopikwa kutokana na ngozi na kano za ng'ombe zilizobaki machinjioni, nayo ilinywewa badala ya chakula. Makumi ya watu, wengi wao wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa mwingine, walikufa kwa mioyo kupoteza mapigo. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi, maana vikopo vya unga wa kunywa badala ya mlo vinauzwa leo kwenye makundi ya WhatsApp na watu wasiojua lolote kuhusu chumvichumvi za damu zinazouendesha moyo.

Kilosa, wakati huo wote, chakula kilikuwa na historia nyingine. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kumalizikia Kigoma mwaka 1914. Yakafuata mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko, na vibarua wake wakalishwa unga wa mahindi kwa kipimo. Mtama na uwele vikaanza kurudi nyuma. Baada ya uhuru, mashine za kusaga na kukoboa ziliieneza sembe nyeupe, na dona ikaonekana chakula cha mnyonge. Ukame wa 1974 na 1975 ulileta unga wa njano kutoka Marekani, ambao wazee hawajausahau. Kisha zikaja foleni za miaka ya 1980, sukari ikigawiwa kwa kilo na mafuta ya kula yakitafutwa kama dawa. Na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera. Kwa miaka ishirini iliyofuata, mtu aliyekonda alitazamwa kwa hofu, na kunenepa kulikuwa habari njema ambayo jirani aliitamka mlangoni kama pongezi. Anayeshangaa kwa nini mama wa makamo hataki kusikia habari za kupungua, na akumbuke miaka hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo halisemwi inavyostahili katika historia hii: sehemu ya ushahidi unaoitegemeza milo mashuhuri ya dunia ilichukuliwa katika miili ya watu wa Afrika Mashariki.

Tuanze na nyama. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks waliwalinganisha Wamaasai na Wakikuyu wa Kenya, wakaandika kuwa mwanamume wa Kimaasai, mla maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 kwa urefu na kilo 10 kwa uzito. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann alitoa matokeo ya kuwapima Wamaasai wa Tanganyika, akakuta ugonjwa wa moyo ni nadra sana licha ya mafuta yote yale ya wanyama. Wapenzi wa keto wanamtaja hadi leo. Wilaya ya Kilosa ina wafugaji wake, Waparakuyo wa Twatwatwa wakiwamo, na yeyote anayewajua anajua walichokiacha wanaomtaja Mann: mfugaji hutembea kutwa nyuma ya ng'ombe, na kuna misimu maziwa hukauka akabaki na kidogo.

Kisha makapi. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi Uganda, waliona kuwa waliokula matoke, viazi vitamu, maharage na nafaka zisizokobolewa walikuwa nadra kuletwa hospitali kwa kisukari, kufunga choo au maradhi ya utumbo yaliyojaa Uingereza. Trowell aliliandika hilo mwaka 1960, Burkitt akalitangaza duniani miaka ya 1970. Mwaka 1982 mwandishi Audrey Eyton aliligeuza kuwa mlo wa F-Plan, na Waingereza wakakimbilia pumba na maharage. Kwa hiyo katika kipindi cha miaka ishirini na kitu, eneo letu lilithibitisha kwamba mtu ale nyama tu, na tena likathibitisha kwamba ale nafaka na makapi.

Hatimaye mlo wa watu wa kale, uliopata umaarufu kwa kitabu cha Loren Cordain cha mwaka 2002, unaokataza nafaka, kunde na maziwa kwa hoja kwamba binadamu wa kwanza hakuvila. Hapa mashahidi wakawa Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi. Lakini Wahadzabe wanakula mizizi na ubuyu, na asali kwa wingi pale msimu wake unapofika. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu inayotumika katika miili ya Wahadzabe watu wazima 30. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikuzidi ya mfanyakazi wa ofisini Marekani. Maana yake ni nzito: mazoezi yanalinda moyo na akili, lakini kitambi huanzia kwenye sahani.

Ajabu ya ushahidi wote huo ni kile kisichokuwamo. Mmaasai wa 1964, mkulima wa Uganda wa 1950 na Mhadzabe hawafanani kwa chakula hata kidogo. Wanafanana kwa vile ambavyo havikuwapo: soda, sukari ya mezani, unga uliokobolewa mpaka ukawa mweupe pepe, na mafuta ya kukaangia kila siku.

Majaribio ya kitabibu yamefika karibu na hapo. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford aliwagawa watu 609 makundi mawili, moja lipunguze mafuta na jingine lipunguze wanga, na yote yaache sukari na vyakula vilivyosindikwa. Baada ya miezi 12 kundi la kwanza lilipungua kilo 5.3 na la pili 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, China, waliwafuatilia watu 139 waliopunguziwa kalori. Nusu wakala ndani ya saa nane tu za mchana. Mwisho wa mwaka hapakuwa na mshindi. Zile kilo mbili za wiki ya kwanza ambazo matangazo huzishangilia ni maji kwa sehemu kubwa: wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikilia maji mara tatu ya uzito wake, na ukiisha, maji hutoka nao. Ukirudi kwenye wali, yanarudi.

Basi kila mlo una kitu chake, na nauheshimu ule unaoweza kufuatwa. Kupunguza wanga kunashusha sukari ya damu kweli. Kule Uingereza, jaribio la DiRECT la mwaka 2017 liliwapa wagonjwa wa kisukari aina ya pili mlo wa kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, na baada ya mwaka karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimerudi nyuma bila dawa. Nchini kwetu, Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika mwaka 2025, amefanya kazi kubwa kuliko kampeni nyingi: video zake kuhusu sukari, wingi wa milo na kufunga zilifika vijijini kwa simu. Kufunga si kugeni Kilosa, wilaya yenye Waislamu wengi. Lakini Ramadhani inatufundisha pia mpaka wake, kwa sababu tafiti zinaonyesha kilo zinazopungua mwezi huo ni chache na hurudi baada ya Idi. Na mgonjwa anayetumia insulini, akifunga bila daktari kumpangia dozi upya, anaweza kuanguka na kuzimia.

Chai za kukondesha siziungi mkono hata chembe. Nyingi ni dawa ya kuharisha, sanamaki, inayotoa maji na kuchosha utumbo. Baadhi ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba zimekutwa duniani na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa hatari yake kwa moyo.

Mlo wa kigeni una tatizo jingine kwa mwenye familia Zombo: bei. Parachichi, mayai na nyama kila siku, kwa kaya inayosubiri mbaazi na ufuta viuzwe, ni mlo wa wiki moja. Wakati huohuo sukari inatengenezwa mlangoni, Kilombero kwa miongo mingi na sasa Mkulazi kule Mbigiri. Ndiyo maana utafiti uliotoka Kilimanjaro mwaka 2025 umenigusa. Vijana wa kiume 77 walihusika. Waliozoea chakula cha asili, wakibadilishiwa kwa wiki mbili tu kwenda kwenye soseji, chipsi na mkate mweupe, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani na kinga iliyolegea. Wenzao waliohamishiwa kwenye ndizi, kunde, mboga na nafaka nzima walipata kinyume chake. Chakula cha namna hiyo Zombo kipo: dona, mbaazi, mlenda, matembele, kisamvu. Kinachohitaji kubadilika ni bonge la ugali, ambalo lilikatwa kwa kipimo cha mtu wa jembe na sasa linaliwa na mwendesha bodaboda, pamoja na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai.

Takwimu za kitaifa hazituruhusu kuahirisha. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 28 mwaka 2015–16, na 36 mwaka 2022, mwaka ambao asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mambo hayo mawili huweza kukaa nyumba moja, na mama anayenyonyesha akianza keto, anayeumia wa kwanza anaweza kuwa mtoto. Kadi ya kliniki humfuata mtoto kwa mizani hadi atimize miaka mitano. Baada ya hapo, wengi hawapimwi tena uzito, kiuno wala presha mpaka siku wanapoletwa wakiwa hoi. Zahanati zetu za kata zianze kuwapima watu wazima kila wanapofika, hata aliyekuja kumsindikiza mgonjwa.